Kompyuta ya Kuhariri Video: Anza na Faili la Kamera, Kadi Baadaye

Ukiingia duka la kompyuta Kariakoo, Dar, au Luthuli Avenue, Nairobi, ukasema unataka mashine ya kuhariri video, utaulizwa una bajeti ya kiasi gani, kisha unataka kadi gani ya grafiki. Ni nadra kuulizwa kamera yako inaandika faili la aina gani, na hapo ndipo pesa za wengi zinapopotelea. Mashine ya gemu huishi kwa kadi. Mashine ya kuhariri kazi yake ya kwanza ni kufungua video iliyobanwa, fremu kwa fremu, na kazi hiyo hufanywa na kipande kidogo maalumu ndani ya prosesa au ndani ya kadi. Kipande hicho kisipolijua faili lako, mzigo wote unaiangukia prosesa, na picha inakwamakwama kila ukibonyeza pleya, hata kama kadi ni ya mamilioni.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, chukua klipu moja kutoka kwenye memori kadi uifungue kwa MediaInfo, programu ya bure. Soma mistari mitatu: Format, yaani njia iliyotumika kuibana video (AVC ndiyo H.264, HEVC ndiyo H.265), Chroma subsampling, yaani kiasi cha rangi kilichohifadhiwa (4:2:2 ina rangi nyingi kuliko 4:2:0), na Bit depth, yaani biti za kila rangi. Ukikuta H.264, 4:2:0, biti 8, vuta pumzi. Karibu kila kadi ya miaka ya karibuni inalifungua. Shida iko kwenye 4:2:2 ya biti 10, ambayo Sony A7 IV, FX3 na Canon R6 zinaiandika na wapiga video za harusi wanaipenda kwa sababu rangi zake zinavumilia kusahihishwa. Kadi za NVIDIA za RTX 30 na RTX 40, kuanzia 3060 hadi 4090, hazina uwezo wa kuifungua 4:2:2. Za RTX 50 zinao. Grafiki ya ndani ya Intel, ile iliyojengwa ndani ya prosesa, kuanzia kizazi cha 11 inaifungua ikiwa ni H.265; kwa vizazi vya 11 hadi 14, ile ya H.264 inabaki mzigo wa prosesa. Ndiyo maana watu wawili wenye Sony ile ile na kompyuta ile ile, mmoja anateleza na mwingine anakwama: wa kwanza anarekodi XAVC HS (jina la Sony la H.265), wa pili XAVC S (H.264).

Herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel, kama i5-12400F, maana yake haina grafiki ya ndani. Inauzwa bei nafuu kidogo, lakini kwa mhariri wa 4:2:2 huo unafuu ni hasara. Ukiweza, ruka i5-12400 uchukue i5-12500 au i7-12700: hizi zina UHD 770 yenye vipande viwili vya kufungulia video, wakati 12400 ina kimoja. Ryzen 7000 ni prosesa nzuri, lakini grafiki yake ndogo ya ndani haifungui 4:2:2. Tahadhari nayo ile mitumba ya ofisini yenye Xeon E5, HP Z440 na wenzake. Inaonekana ya kazi nzito, ina kori nyingi, na kwa kazi za 3D inajitahidi. Grafiki ya ndani haina, kwa hiyo 4:2:2 itaitoa jasho. Kwa Mac hadithi ni fupi: chipu za M1 na kuendelea zinaifungua H.265 ya 4:2:2 bila kelele, ila RAM haiongezeki baadaye, kwa hiyo nunua ya kutosha siku ile ile.

Prosesa za Intel za mezani za vizazi vya 13 na 14, hasa i7 na i9 zenye herufi K mwishoni mwa jina, zilikuwa na hitilafu ya volteji iliyokuwa ikizichakaza taratibu. Intel ilitoa marekebisho kupitia BIOS (programu ya msingi ya mazabodi) mwaka 2024, lakini yanazuia uchakavu, hayaponyi iliyokwisha kuchakaa. Ya mtumba inayozima programu katikati ya kurenda, iache palepale.

Kosa moja la mafundi linajirudia sana. Ukichomeka kadi ya grafiki, mazabodi nyingi huzima grafiki ya ndani zenyewe. Ingia BIOS, tafuta iGPU Multi-Monitor au jina linalofanana nalo, iwashe, kisha weka draiva ya Intel. Skrini ibaki imechomekwa kwenye kadi.

Diski inahitaji hesabu, si kubahatisha. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Harusi ya kamera tatu, saa tano kila moja, ni gigabaiti 675. Kwa megabiti 140 inafika 945. Kwa kasi, klipu tatu za megabiti 140 zinahitaji megabaiti 53 tu kwa sekunde, na diski ya kuzunguka inasoma zaidi ya mia. Mbona basi inakwama? Kwa sababu kichwa chake kinaruka kutoka faili moja hadi jingine, na muda unaishia kwenye kuruka. Weka mfumo na programu kwenye NVMe moja (SSD ya kasi inayochomekwa kwenye mazabodi), kazi inayoendelea kwenye NVMe ya pili ya terabaiti 2, na diski za kuzunguka ziwe ghala, mbili zenye nakala sawa. Epuka SSD za QLC, aina ya bei nafuu, kwa diski ya kazi: zinaanza kwa kasi nzuri, kisha ukimwaga gigabaiti mia kadhaa kwa mkupuo nyingi zinaweza kushuka hadi chini ya diski ya kuzunguka. Soma pia kitabu cha mazabodi, maana baadhi, nafasi ya pili ya M.2 (inapochomekwa NVMe) ikijazwa, huzima milango ya SATA ya diski za kawaida, na mtu anadhani diski imekufa.

RAM: gigabaiti 32 kwa 4K, 64 ukitumia After Effects. Nunua vipande viwili, vichomeke nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, kisha washa XMP au EXPO ndani ya BIOS ili RAM ifikie kasi yake kamili.

Ukifika kwenye kadi yenyewe, tazama memori yake kabla ya namba. RTX 3060 iko ya gigabaiti 12 na ya 8, jina moja, na ya 12 ndiyo inayofaa kwa kuondoa chenga kwenye 4K ndani ya DaVinci Resolve. Ya 8 mara nyingi itakuletea ujumbe kwamba memori imejaa. Kwa kadi ya mtumba, fungua GPU-Z. Nyingi za zile zilizobandikwa jina lisilo lake zinaandikwa FAKE hapo hapo.

Umeme nao una hesabu yake. UPS, ile betri ya akiba, ya VA 650 hutoa takriban wati 360 hadi 390, na mashine yenye i7 na 3060 ikirenda, pamoja na skrini, inaweza kuzidi hapo. Umeme ukikatika, UPS inazima nao. Tafuta yenye wati 700 halisi. Soma wati, VA ni za tangazo. Kwa joto la Dar au Mombasa, feni ndogo inayokuja na prosesa haitoshi: ikigusa digrii 100 prosesa inapunguza kasi yenyewe.

Siku ya kuchukua mashine, beba klipu zako kwenye flashi, zinakili kwenye NVMe, panga tatu juu kwa juu ndani ya Premiere au Resolve Studio (Resolve ya bure kwenye Windows ina mipaka kwa biti 10). Bonyeza pleya, fungua Task Manager, ubofye GPU ya Intel (au RTX 50 kama ndiyo inayofungua) na kuangalia grafu ya Video Decode. Ikipanda, lipa. Ikilala sifuri huku prosesa iko asilimia 100, shika salio lako mfukoni, umwambie fundi aingie BIOS mkiwa wote.