Maswali na majibu: Nimlipe wakala aniombee skolashipu?

SWALI: Shikamoo Dokta. Niko mwaka wa tatu na wa mwisho, nasoma sayansi ya uvuvi na viumbe wa majini, GPA yangu ni 3.9. Nataka nikimaliza tu niende kusoma masta nje kwa ufadhili kamili. Kuna kaka mmoja wa kwenye grupu la WhatsApp, ana ofisi Kariakoo, anasema kwa 450,000 ataniombea Chevening, DAAD na Erasmus kwa pamoja na barua ataniandikia yeye. Nimeshampa 150,000 ya kufungulia faili pamoja na vyeti vyangu. Barua aliyoandika naiambatisha uione. Naogopa GPA yangu ni ndogo. Halafu msimamizi wa project yangu (ya mwani, Mlingotini) ameniambia barua ya mdhamini niandike mwenyewe, yeye atasaini. Nimalizie hela au niache? – Binti wa mwaka wa tatu, Dar es Salaam.

JIBU: Marahaba, binti. Usimalizie. Ile 150,000 ihesabu imekwenda, na hata akikupigia kukwambia faili limeshafika Ulaya, usiongeze hata mia.

Maswali kama lako napokea mengi, hasa kuanzia Agosti mpaka Januari madirisha ya maombi yanapofunguliwa, na mengi nayajibu kwa mistari miwili. Lako nimelisoma mara mbili kwa sababu ya maneno uliyoyafungia kwenye mabano: ya mwani, Mlingotini. Nitarudi hapo.

GPA tuimalize haraka. Kwa mizani yetu ya 5, 3.9 ni daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5, na skolashipu nyingi za masta zinaomba daraja hilo. Mwenye 4.6 atakutangulia kwenye baadhi ya foleni, sikufichi. Ila hakuna anayekufungia mlango kwa 3.9.

Sasa orodha ya huyo kaka. Chevening inatolewa na serikali ya Uingereza tangu 1983. Kuomba ni bure. Inataka uwe umeshamaliza digrii, tena uwe na uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, ambao wao wanauhesabu kuwa saa 2,800. Ukifanya kazi saa 35 kwa wiki, hizo ni wiki 80. Kazi ya kujitolea inaingia, lakini fildi uliyopelekwa na chuo kwa kuwa ni sehemu ya lazima ya digrii haiingii. Wewe hata joho hujalivaa. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, nao, kwenye mpango wao wa masta za maendeleo unaoitwa EPOS, wanataka miaka miwili ya kazi baada ya digrii ya kwanza. Kwa hiyo katika milango mitatu aliyokuuzia, miwili kwa mwaka huu huruhusiwi hata kuipigia hodi. Masharti haya yameandikwa kwenye kurasa za mwanzo kabisa za tovuti zao. Kama hayajui, anakutoza kwa ujuzi gani? Na kama anayajua, basi ulichomlipa si ada ya faili.

Umebaki Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, na huo ni wako kweli. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaruhusiwa kuomba mradi awe amemaliza kabla masomo hayajaanza. Ada inalipwa, na unapewa euro 1,400 kwa mwezi za kujikimu. Ila hakuna kitu kinachoitwa fomu ya Erasmus. Kila programu ina tovuti yake, masharti yake na tarehe zake. Kwa fani yako kaitazame IMBRSea, masta ya rasilimali hai za bahari inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji. Na nje ya Erasmus ipo Oceans & Lakes, ya vyuo vya Brussels, Antwerp na Ghent, ambayo kwa miaka mingi imechukua wanafunzi wa nchi zetu kwa ufadhili wa VLIR-UOS, shirika la ushirikiano la vyuo vikuu vya Flanders, Ubelgiji. Nimeshakupa majina, tarehe na masharti ya mwaka huu katafute mwenyewe, maana asiyeweza kutafuta hayo atapata tabu sana huko aendako.

Lakini hata ungekuwa na sifa za zote tatu ningekujibu vilevile, na hapa ndipo uvumilivu unaponiishia. Vyuoni kumeota imani kwamba skolashipu ni fomu, na kwamba yupo fundi anayejua namna ya kuijaza, kama yule wa simu zilizojifunga, ukishampata, umepita. Ndiyo maana kila siku nasimamishwa koridoni: "Dokta, naomba linki." Linki! Linki zimejaa mitandaoni kama mabango ya soda barabarani. Shida inaanza baada ya kuibofya, pale ukurasa unapokuuliza umefanya nini, na mtu ana cheti cha kidato cha sita, matokeo ya semista tano na picha ya pasipoti, basi.

Barua uliyoniambatishia nimeisoma. Inaanza hivi: tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya bahari. Inaendelea na viongozi wa kesho, na bara letu lenye utajiri, na ndoto zisizo na mipaka. Ukurasa mmoja na nusu, na ndani yake hakuna hata samaki mmoja. Mwani haumo. Mlingotini haipo. Ukifuta "bahari" ukaweka "uhasibu" inamfaa mtu mwingine, na sina shaka imeshamfaa. Niliwahi kukaa kwenye jopo la kuchambua maombi. Mchana mmoja zikapita mezani barua nne zenye aya ya kwanza moja, neno kwa neno, na mmoja wa wale wanne alikuwa mvulana ambaye barua yake ilisema "mimi kama mtoto wa kike niliyekulia kijijini". Tulicheka. Kisha tukatazama matokeo yake, na yalikuwa mazuri kuliko ya wote waliobaki. Faili lake lilifungwa siku ileile. (Siku hizi wengine wanaandikiwa na akili mnemba. Kiingereza kimenyooka zaidi, na samaki bado hayumo.)

Sasa turudi Mlingotini, Bagamoyo. Ripoti yako sijaiona, ila nimetembea mashamba ya mwani ya Bagamoyo na Unguja kiasi cha kujua nini cha kukuuliza. Kati ya aina mbili za mwani zinazolimwa huko, cottonii ina bei kuliko spinosum, lakini haivumilii maji yakipata joto. Matawi yanageuka meupe, yanalegea, yanakatika, na mama anafika bamvua likitoka anakuta kamba tupu. Haya anayajua kila mtu wa fani. Ninachotaka kujua ni chako wewe. Ulihesabu kamba ngapi, na kwa nini hizo? Joto la maji ulilipima saa ngapi, kwa kifaa gani, na siku kilipoharibika ulifanyaje? Namba zako zilikataa wapi kufuata ulichotarajia? Ni mkulima gani alikubishia, ukaja kugundua yeye ndiye alikuwa sahihi? Majibu ya maswali hayo ndiyo barua ya kujieleza. Hata ukiyaandika kwa Kiingereza cha kukwaruza, anayesoma Ghent atajua anaongea na mtu aliyesimama ndani ya maji. Kaka wa Kariakoo hawezi kukuandikia hayo hata umlipe milioni, kwa sababu yeye hakulowa.

Kuhusu barua ya mdhamini: usimwandikie mwalimu wako. Na mimi nafundisha, najua kwa nini amekujibu hivyo. Ana wanafunzi wa project wasiopungua ishirini na madarasa ya watu mia tatu. Hakukosea nia. Badala ya barua mpelekee ukurasa mmoja wa mambo halisi: mlianza lini, ulipima nini, wapi ulikwama, alikusahihisha nini ukabadilisha, unaomba programu zipi na zinafungwa tarehe ngapi. Mpelekee mwezi mmoja kabla, mguu kwa mguu mpaka ofisini kwake, umwombe kwa adabu. Akiwa na ukurasa huo, barua inamchukua nusu saa. Ukimwandikia wewe, barua mbili zitatoka na sauti moja, na wasomaji wa maombi wana masikio. Tena usikimbilie profesa mwenye jina kubwa aliyekufundisha kozi moja ya watu mia nne. Aliyekuona ukifanya kazi anakufaa zaidi, hata kama ni mhadhiri msaidizi.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: mifumo mingi sasa humtumia mdhamini linki moja kwa moja kwenye barua pepe yake ya chuo. Kwa hiyo mawakala hawa wanafungua anwani ya Gmail kwa jina la mwalimu wako, wanajiandikia, wanajisainia. Huko ni kughushi. Jina lililoghushiwa ni la mwalimu, lakini ombi ni lako, na atakayeulizwa ni wewe.

Nisiwaweke wote kapu moja. Wapo mawakala waliosajiliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ambao kazi yao ni kupeleka nje wanafunzi wanaojilipia, na hiyo ni biashara halali. Ila mwanafunzi aelewe mkate wao unatoka wapi. Kwa kawaida chuo cha nje humlipa wakala kamisheni kwa kila mwanafunzi aliyelipa ada. Sasa mtu anayekula ukilipa ada atahangaika vipi usilipe? Ndiyo maana skolashipu zao huwa za asilimia 30 au asilimia 50. Hilo kwa Kiswahili chepesi ni punguzo la bei. Chumba, chakula, bima na nauli vinabaki juu ya mzee nyumbani. Vivyo hivyo na tangazo la "soma bure Ujerumani". Ni kweli vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Ambalo tangazo halisemi ni kwamba viza inataka uonyeshe fedha za kujikimu, na kiwango kilichowekwa 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka. Nimeona shamba la minazi likiuzwa kwa ajili ya barua ya udahili ambayo kijana angeiomba mwenyewe akiwa kitandani.

Hao angalau wana leseni ukutani. Wa grupu la WhatsApp ni jamii nyingine. Huyo "ana mtu ubalozini". Anafungua akaunti ya maombi kwa barua pepe yake mwenyewe, neno la siri analo yeye, na kila kinachotoka chuoni kinaingia kwake. Mwanafunzi wangu mmoja aliitwa kwenye usaili, tena kwa ombi alilolistahili kabisa. Akaja kujua siku tisa baada ya usaili kupita, kwa kuwa wakala alikuwa amegombana na mkewe na kuzima simu. Msichana yule alikuwa anajua kila kitu cha fani yake, isipokuwa neno la siri la ombi lake mwenyewe. Na wapo wadogo zao wanaouza vyeti vya "mafunzo ya uongozi" vya Jumamosi moja kwa elfu hamsini. Wasifu una kurasa tano za vyeti hivyo, na project ya mwaka mzima imepewa mstari mmoja chini kabisa.

Usipopata mwaka huu, TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, wana mpango wa mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wako Kunduchi, nenda ukaombe kujitolea. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Zanzibar na inafundisha masta, na hapohapo Zanzibar ndiyo makao ya WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, wenye ruzuku za utafiti wa bahari ziitwazo MARG. Weka daftari la saa ulizofanya kazi, na barua ya kila mwajiri. Zikifika 2,800, mlango wa Chevening utakuwa wako, na ikitimia miaka miwili ya kazi baada ya digrii, wa DAAD pia.

Umesema umempa vyeti. Kama ulimpa na neno la siri la barua pepe yako, kama wanavyofanya wengi, libadilishe kabla hujamaliza kusoma hapa. Kisha ziandikie kwa anwani yako programu alizokutajia, uwaulize kama kuna ombi lililofunguliwa kwa jina lako. Likiwepo, waombe walifute. Mimi nitumie ripoti ya Mlingotini, hata kama haijasahihishwa. Barua ya huyo kaka usinitumie tena.