Binti yangu hamalizi kutawadha

Mama mmoja wa Kisauni, Mombasa, anaandika kwamba binti yake wa miaka 13 hutawadha hadi mtungi wa lita 20 unakwisha, kisha humwuliza tena na tena kama udhu umetimia. Jirani anadai ni jini, na bibi yake ameshamnywesha kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya aya za Kurani. Anauliza afanyeje.

Mama, umeandika kwamba huwa unamjibu "umetimia, mwanangu" ili awahi kuswali, na ningependa tuanzie hapo, kwa sababu jibu hilo la huruma ndilo linaloupa ugonjwa nguvu: moyo wake hutulia kidogo tu, kisha shaka hurudi ikidai jibu jingine.

Unayoyaeleza yanafanana sana na OCD, ugonjwa wa mawazo yanayomng'ang'ania mtu na vitendo anavyovirudia ili ajitulize, ingawa wa kuthibitisha ni mtaalamu atakayemwona. Si ukaidi wala upungufu wa imani.

Tiba inayotangulizwa ni ya mazungumzo na mazoezi, ambayo mtoto huikabili hofu yake hatua kwa hatua huku akijizuia kufanya kitendo cha kujituliza. Huenda akaanza kwa kushika kitasa cha mlango na kukaa bila kunawa, hadi siku atakapotawadha kwa kopo moja, kila kiungo kisizidi mara tatu, na kufunga swala papo hapo bila kumwuliza mtu. Hofu itapanda, naye atagundua kwamba anaweza kuivumilia. Hatua zipangwe naye. Kumfungia mfereji ghafla kutamtisha bure. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2004, uliohusisha watoto 112 wa miaka 7 hadi 17, ulionyesha kuwa tiba hii pamoja na dawa ya sertraline ilisaidia zaidi kuliko kimojawapo peke yake, lakini dawa ni uamuzi wa daktari.

Sheikh unayemwamini anaweza kumweleza kwamba yakini haiondolewi na shaka, ila amweleze mara moja tu, maana naye akiulizwa kila siku atageuka kuwa mtungi mwingine.

Anzia hospitali ya rufaa ya Pwani au Port Reitz, uulize waziwazi kama yupo anayetoa tiba hiyo kwa watoto. Kwa sasa, akiwa ametulia, kubalianeni kwamba akiuliza utamjibu: "Hilo ni swali la ugonjwa, mwanangu, twende tukaswali."