Jibu: Locke au Montesquieu kwenye Katiba ya Marekani?

Habari mkuu. Kumbe umekwama hapa: notsi zinasema Katiba ya Marekani imetokana na John Locke (mwanafalsafa Mwingereza), kitabu kinasema Montesquieu (mwanafalsafa Mfaransa), na insha ni ya kesho.

Kwanza soma swali upya. Linauliza haki au mgawanyo wa madaraka? Kama ni haki, shika Locke: serikali hutawala kwa ridhaa ya wananchi, ikizikanyaga haki zao wanaweza kuiondoa. Hilo limo kwenye Azimio la Uhuru la 1776, ambalo siyo Katiba ya 1787 (wengi huchanganya). Kama ni mgawanyo wa madaraka, yaani mihimili mitatu (bunge, serikali na mahakama), nenda kwa Montesquieu na kitabu chake cha 1748. Locke naye aligawa madaraka, ila mahakama hakuifanya mhimili wa peke yake.

Mimi nikielekeza wadogo zangu huanza na Waingereza. Chukua Sheria ya Haki ya 1689, tafuta kipengele kinachokataza dhamana kubwa kupita kiasi na adhabu za kikatili, halafu soma Marekebisho ya Nane ya Katiba ya Marekani, ya 1791. Karibu wamenakili! Mfano huo utakubeba kuliko kurundika majina ya wanafalsafa. Magna Carta ya 1215 (hati ya Uingereza iliyobana mamlaka ya mfalme) itaje tu, usikae nayo.