Bia ya Kiingereza nyumbani: nunua kipimajoto kwanza

Kila ninayemwonjesha bita yangu, bia ya jadi ya Kiingereza, hapa Uingereza hunitaka nimwandikie orodha ya vifaa. Mimi huanza na kipimajoto, tena kile kinachosoma upesi, kabla ya sufuria na ndoo, kabla hata ya kimea chenyewe. Bia hii ya rangi ya kaharabu, ambayo kwenye baa za huku huvutwa kwa mkono kutoka kwenye pipa la chini, haina mahali pa kuficha kosa. Ni shayiri, hopsi (maua yanayotia uchungu na harufu), hamira na maji basi. Kinachoamua ladha ni joto, na linaamua mara tatu: unapoloweka kimea, hamira inapofanya kazi, na siku ya kunywa.

Kwa lita 20 mimi hutumia kilo 3 na nusu za kimea cha Maris Otter na gramu 250 za kimea cha karameli kwa ajili ya rangi na utamu kidogo. Maris Otter ni shayiri iliyozalishwa Cambridge miaka ya 1960. Ina mavuno madogo kuliko aina mpya, na bado wapikaji wa bia za jadi hawataki kuiacha. Nawaunga mkono. Hopsi ni East Kent Goldings, gramu 45 mwanzo wa kuchemsha na gramu 20 zikibaki dakika 10. Hamira ni pakiti moja kavu ya gramu 11, ya aina ya Kiingereza. Ile iitwayo S-04 inapatikana kirahisi na haisumbui. Maji ya bomba yana klorini, na klorini ikikutana na kimea na hamira huleta harufu ya dawa ya hospitali, kwa hiyo saga nusu kidonge cha Campden, kinachoondoa klorini, uchanganye kwenye maji yote kabla ya kuwasha moto.

Aliyekulia kwenye nyumba za mbege hahitaji kufundishwa kimea ni nini: nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Ndani yake mna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, navyo huchagua joto. Pasha lita 27 za maji kwenye sufuria ya lita 35 hadi nyuzi 70, tumbukiza kimea kilichovunjwa ndani ya mfuko wa kitambaa, koroga mabonge yaishe. Joto litashuka hadi karibu nyuzi 67. Funika, zungushia blanketi, acha saa nzima. Likishuka hadi 63 utapata bia nyepesi, kavu. Likikaa 69 itakuwa nzito mdomoni. Bita naitaka 66 au 67. Kisha inua mfuko, uache uchuruzike, na uchemshe ile togwa tamu kwa saa nzima pamoja na hopsi.

Baada ya kuchemsha, poza haraka hadi nyuzi 18, mimina kwenye ndoo na utie hamira. Kuanzia hapa kila kinachogusa bia lazima kiwe kimeoshwa na kutiwa dawa ya kuua vijidudu: ndoo, kifuniko, mpira wa kunyonyea, hata mkasi wa kukatia pakiti ya hamira.

Sasa nifike kwenye joto la pili, ambalo watu hulidharau kuliko yote. Hamira ikianza kula sukari hutoa joto lake yenyewe, na katikati ya ndoo panaweza kuzidi chumba kwa nyuzi 3 au 4. Chumba kikiwa na nyuzi 22, bia inakwenda 25 na zaidi, na utakunywa kitu chenye harufu kali ya rangi ya kucha kinachopasua kichwa asubuhi. Kwa hiyo pima bia, usipime chumba. Bandika kipimajoto cha ukanda ubavuni mwa ndoo. Majira ya joto weka ndoo ndani ya beseni la maji, ivike fulana iliyolowa, na ubadilishe chupa za barafu asubuhi na jioni. Majira ya baridi ni kinyume chake: nyumba hupoa usiku, hamira inasinzia kabla ya kumaliza, basi izungushie blanketi. Siku tatu za mwanzo ishike 18 au 19, halafu iachie ipande hadi 20. Lile joto la mwishoni huisaidia hamira kusafisha harufu ya siagi iliyoiacha njiani. Usiinyime siku mbili za ziada.

Haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha uzito wa bia ukilinganisha na maji, ndiyo itakayokuambia kazi imekwisha, povu kutulia hakutoshi. Ukianza na 1.040 na ukaishia 1.010, una bia yenye kileo cha karibu asilimia 4. Wengi huniomba niiongezee sukari ipate nguvu. Sikubali, kwa sababu uzuri wa bita ni kukaa na watu jioni nzima mkizungumza. Kipimo kikisimama palepale siku mbili mfululizo, tia gramu 80 za sukari zilizoyeyushwa, changanya polepole, jaza chupa. Ukijaza kabla ya hapo chupa zinaweza kupasuka na kukata mtu.

Kisheria, tangu 1963 huhitaji leseni Uingereza kupika bia ya kunywa nyumbani. Kuuza ni jambo jingine, usiguse.

Chupa zikae mahali penye nyuzi 20 kwa wiki mbili, kisha zipelekwe penye baridi. Joto la tatu ni nyuzi 12 hivi, joto la chumba cha chini cha baa. Ukiitoa kwenye friji barafu, Goldings hutazisikia kabisa, wala kimea. Itoe mapema, imimine kwa mkono mmoja bila kusimama, na mashapo yakikaribia shingo ya chupa, acha.