Barua kwa mwanangu: kuhusu karatasi za yule ajenti

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Ujumbe wako niliupata juzi usiku nikitoka kupima mawese. Umeniuliza kuhusu safari yako ya kwenda kusoma Ujerumani: "Mama, ajenti anasema tukimpa milioni 4 ataleta karatasi ya kuonyesha kwamba ile akaunti ya Ujerumani ina pesa, pamoja na stetimenti ya benki kwa jina lako. Wenzangu wawili wamepita kwake. Nikubali?" Sikutaka kukujibu kwa simu. Kwenye simu tungegombana, na vocha ingeisha maneno bado yapo.

Jibu langu ni hapana. Ila nakujua, hapana tupu hujawahi kuimeza tangu uko chekechea, kwa hiyo kaa usome.

Nilimwomba kijana wa dada yako anisomee masharti yote ya viza ya mwanafunzi, akasoma na kurudia. Akaunti ile, ambayo wenyewe wanaiita Sperrkonto, inafunguliwa kwa jina la mwanafunzi. Unaweka euro 11,904 za mwaka mzima kabla hujasafiri, na ukishafika unaachiwa euro 992 kila mwezi, si zaidi. Sasa stetimenti ya mama yako muuza mawese inaingiaje kwenye akaunti ya jina lako? Huyo bwana anakuuzia gunia ambalo nusu yake ni pumba. Na hiyo karatasi nyingine, ya kuthibitisha pesa, inatolewa na kampuni iliyofungua akaunti. Kampuni ipo, ina anwani, na mtu wa ubalozi akiitilia shaka anawauliza tu.

Tuseme ubalozini imepita. Viza ile ni ya kuingilia; ukifika inabidi uombe kibali cha kuishi kwenye ofisi yao ya wageni, na hapo pesa inaulizwa upya. Utawaonyesha nini? Utakuwa Oktoba, baridi inaanza, mwenye nyumba anataka kodi, na ile 992 ya kila mwezi haipo kwa sababu haijawahi kuwepo. Kudanganya kwenye maombi ya viza kwao ni jinai, na hata aliyekwisha kuingia anaweza kurudishwa. Hao wenzako wawili umeniambia wamepita. Hujaniambia wanaishije.

Lakini hayo ungeweza kuyasoma mwenyewe. Kilichonifanya nishike kalamu ni jambo ambalo sijawahi kukusimulia, na marehemu baba yako alilijua nusu tu.

Hilo jina unaloliona kwenye cheti changu cha kidato cha nne si langu. Mwaka 1986 nilifeli darasa la saba. Babu yako hakukubali nikae nyumbani, akanipeleka shule nyingine nikarudie kwa jina la msichana aliyekuwa ameacha shule. Zamani hizo wengi walifanya hivyo, walimu walijua, hakuna aliyeona ni dhambi. Nikafaulu, nikaenda sekondari, nikawa mtu mwingine kwenye makaratasi. Nyumbani nilibaki mimi, shuleni nikawa yeye. Nilifurahi, sitakuficha.

Deni lilikuja miaka zaidi ya 30 baadaye, nilipokwenda kuomba kitambulisho cha taifa. Cheti cha shule jina moja, kadi ya ubatizo jina jingine, jina la baba tofauti. Ingekuwa Dodoma au Moshi pengine wangesema mama nenda kale kiapo urudi. Lakini wewe ni mtoto wa Kigoma, unajua tunavyoulizwa. Mpaka uko pale, Burundi unaiona kwa macho, na kila anayeongea Kiha anatazamwa mara mbili. Dirisha moja likaniuliza babu yangu kazikwa wapi. Dirisha la pili likaniuliza niliingia nchini mwaka gani. Niliingia! Mimi niliyezaliwa Kasulu!

Unakumbuka Januari 2020, laini zilipofungwa kwa wasiosajili kwa alama za vidole? Namba yangu ilizimwa. Wateja wa Tabora na Dar walionizoea kwa namba ile walipiga wakakuta haipatikani, wakahamia kwa wengine. Wewe ndiye uliyenisajilia laini mpya kwa kitambulisho chako, ukadhani mama ni mzembe wa kupanga foleni. Nami nikakuacha udhani hivyo. Hata pasipoti yako ilivyochelewa, ukalaumu mtandao, ni kwa sababu jina la mama kwenye cheti chako cha kuzaliwa halikufanana na jina la mama kwenye karatasi zangu. Nilikwenda Kasulu kumtafuta mzee wa ukoo, nikapanda naye basi, nikamlisha na kumlaza hapa siku tatu ili aape mbele ya hakimu kwamba ananijua tangu nikiwa mgongoni. Alikuwa na miaka zaidi ya 80. Angefariki mwaka mmoja kabla, sijui ningekuwa nani.

Na mimi nilidanganya jina tu, tena kijijini, enzi za daftari la mkono. Wewe unataka kudanganya serikali ya watu kwa mashine zinazohifadhi kila kitu.

Basi pesa. Nakupa hesabu kamili, usimwambie mtu. Benki nina milioni 14. Kikoba tunavunja Desemba, fungu langu halitapungua milioni 3. Kiwanja cha Mwandiga kinauzika, lakini siuzi mwezi huu, kwa sababu mnunuzi akinusa kwamba una tarehe inayokukimbiza anakukaba koo. Shamba la michikichi la babu yako halimo kwenye hesabu hii, wala usilitaje. Ile miche ya Tenera, mbegu ya kisasa ya michikichi, niliyochukua kituo cha utafiti cha Kihinga ndiyo kwanza inalipa, na madumu yake ndiyo yaliyokusomesha mwaka wa mwisho. Mahitaji, kwa bei ya euro ya sasa, yanapita milioni 30. Kwa hiyo Oktoba hii hatufiki. Mwakani tunafika. Waandikie chuo uwaulize kama nafasi inaweza kusogezwa. Wakikataa, omba upya, kichwa kilichokubaliwa mara moja hakijaharibika. Na muda huo ujaze fomu za DAAD, lile shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, kwa sababu mwenye ufadhili wao haulizwi hiyo akaunti.

Najua utanitajia mama mdogo wa Bremen, kulekule Ujerumani, kwamba anaweza kukusainia udhamini. Anaweza. Lakini sahihi ile inamfunga miaka 5: ukikwama ukala pesa ya serikali yao, anadaiwa yeye, na ana watoto watatu. Simwombi. Wewe ukitaka mwombe, ila umwambie yote hayo kwanza.

Siku tukituma pesa tutaongeza kidogo juu, kwa sababu benki za katikati zinakata, na ikipungua hata euro chache hawatoi uthibitisho. Hati ya mauzo ya kiwanja nitaitunza, wakiuliza pesa imetoka wapi tuonyeshe. Na stetimenti yangu itaonekana imelala miezi ile serikali inapofunga ziwa watu wasivue, dagaa hakuna na wavuvi hawana cha kunilipa mawese waliyokopa. Iache hivyo. Ndivyo tunavyoishi.

Ile barua yako ya kueleza kwa nini unataka kusoma mambo ya maji, nimeisomewa. Imejaa maneno makubwa. Andika jinsi ziwa lilivyopanda likameza mwalo tuliokuwa tunaanikia dagaa, na wewe ukiwa chuo ukaja likizo ukakuta kibanda changu kimebaki paa. Hilo huyo ajenti hawezi kukuandikia.

Sasa la haraka. Ulisema vyeti vyako halisi anavyo yeye "kwa ajili ya kukagua". Kesho asubuhi nenda kavichukue, vyote, na pasipoti. Mwambie mama anataka kutoa kopi za kuambatanisha na pesa. Huo ni uongo, najua, nitatubu mimi. Ukishavishika mkononi na kufika nyumbani, ndipo umwambie kwamba hatulipi. Kisha nipigie, lakini jioni. Asubuhi kuna mzigo wa madumu 40 unakwenda stesheni.

Mama yako