Maswali ya wasomaji: Mabango mlangoni mwa msiba

Swali: Mimi ni mzee wa kanisa hapa Columbus, Ohio, ibada zetu ni za Kiswahili. Kamati yetu ya misiba inaandika mwongozo. Kwenye habari tunaona kwamba watu wakiuawa kwa halaiki Marekani, lipo kundi linalokwenda na mabango ya matusi kwenye mazishi. Likija kwetu, sheria inatulinda mpaka wapi, na sisi wenyewe tufanye nini?

Jibu: Kundi hilo ni Westboro Baptist Church la Topeka, Kansas. Ni kanisa dogo, wengi wao ni ukoo mmoja wa Phelps, na halimo katika umoja wowote wa Wabaptisti. Wanafundisha kwamba kila msiba wa Marekani ni adhabu ya Mungu kwa taifa linalovumilia mashoga. Nchi nzima iliwajua Oktoba 1998 waliposimama nje ya mazishi ya Matthew Shepard, mwanafunzi shoga aliyeuawa Wyoming. Baadaye waliyaandama mazishi ya wanajeshi, kisha ya waliouawa kwa risasi shuleni na makanisani. Mwasisi, Fred Phelps, alifariki 2014, lakini kanisa bado lipo.

Sheria haiwanyamazishi, inawasogeza tu. Kamati ikilielewa hilo mapema, haitapoteza siku kutafuta amri ya kuwazuia kabisa, maana amri hiyo haipatikani. Ohio inakataza maandamano yanayolenga mazishi ndani ya futi 300, yaani kama mita 91, kutoka kanisani, makaburini au popote ibada ya maziko inapofanyika, kuanzia saa moja kabla hadi saa moja baada ya ibada. Walipoipinga, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliikubali mwaka 2008. Ila kipengele kilichotaka futi hizo 300 zifuate msafara wa mazishi barabarani kilikuwa kimeshabatilishwa na mahakama ya chini. Kwa hiyo kanisani mna kinga na makaburini mna kinga, lakini njiani kati ya hapo na pale hamna.

Msichanganye hiyo na sheria ya shirikisho ya 2012, ambayo inatoa saa mbili kabla na saa mbili baada. Ile ni ya maziko ya wanajeshi peke yake.

Sasa kazi yenyewe. Chukueni ramani ya kiwanja cha kanisa mjue mpaka wenu unaishia wapi. Ndani ya mpaka mnaweza kumtoa mtu yeyote, na akikataa polisi watamwondoa kwa kuingilia mali ya watu. Njia ya waenda kwa miguu ni ya umma, hapo hamna amri. Pimeni futi 300 kutoka kwenye mpaka, muweke alama kwenye ramani, mpeleke nakala polisi pamoja na barua yenye saa za ibada. Hapa ndipo kamati nyingi zinapoharibu. Ratiba inasema ibada ni saa 5 hadi saa 7, nanyi mnajua fika kwamba salamu za rambirambi na kuaga mwili vitaifikisha saa 9. Sheria inahesabu ibada halisi, lakini askari aliye barabarani anafuata karatasi aliyopewa. Saa 8 ataanza kuondoka, na mabango yatasogea huku jeneza likiwa bado ndani. Andikeni saa ya kweli ya kumaliza.

Gari la maiti lirudishwe kinyumenyume hadi mlango wa nyuma. Wafiwa wa karibu waingie kupitia huko huko, wawe wamefika kabla ya ile saa moja kuanza. Kwa kuwa msafara hauna kinga, chagueni njia isiyopita mahali kundi limeambiwa lisimame. Polisi huwa wanapajua, kwa sababu kundi lenyewe hutoa taarifa mapema.

Watu wa kuziba macho ya wafiwa wawe wengi na wasiseme kitu. Mfano bora ulitoka Laramie, Wyoming, Aprili 1999, wakati wa kesi ya mmoja wa waliomuua Shepard. Marafiki wa marehemu walijitengenezea mabawa ya malaika kwa shuka nyeupe zilizotandazwa juu ya fremu za mabomba ya plastiki. Walisimama bega kwa bega wakiwapa mgongo wenye mabango. Baada ya watu 49 kuuawa Pulse, klabu ya usiku ya mashoga huko Orlando, Juni 2016, mabawa hayo yalitoka tena. Mkitengeneza, tumieni kitambaa chepesi na muweke mtu wa pili nyuma wa kushika fremu, maana shuka nzito hukamata upepo na mbebaji akayumba hadi barabarani. Wala msidhani kelele zenu za kuwatetea wafiwa zina ruhusa maalumu: ndani ya zile futi 300, yeyote anayevuruga ibada anavunja sheria, hata kama nia yake ni njema.

Vijana waambiwe mapema, tena kwa majina: asiguswe mtu, wala bango lisiguswe. Ukoo ule una mawakili wengi, na binti wa mwasisi ndiye aliyesimama mwenyewe Mahakama Kuu ya Marekani kutetea kesi yao. Msukumo mmoja utamwachia kijana wenu shitaka la shambulio, na kanisa lenu litabaki na kesi ya madai. Na tangazo lao la kwamba watakuja msilisambaze. Mara nyingi hutangaza wasitokee, wakatosheka na hofu iliyoenea bure.

Swali: Nasoma sheria. Inakuwaje baba aliyetukaniwa mwanawe kaburini ashindwe kesi?

Jibu: Unaisema kesi ya Snyder dhidi ya Phelps. Mwanajeshi Matthew Snyder alifia Iraq Machi 2006, akafanyiwa mazishi Westminster, Maryland. Watu saba wa Westboro walisimama kama futi 1,000 kutoka kanisani, kwenye ardhi ya umma. Walikuwa wamewaarifu polisi, na walisimama kwa takriban nusu saa kabla ya ibada. Msafara ulipopita, baba aliona ncha za juu za mabango tu. Maneno yaliyoandikwa aliyajua jioni kwenye taarifa ya habari.

Baraza la wazee wa mahakama lilimpa dola milioni 10.9, jaji akazipunguza hadi milioni 5, na mahakama ya rufaa ikafuta zote. Tarehe 2 Machi 2011 Mahakama Kuu ilikubaliana na rufaa hiyo kwa kura 8 dhidi ya 1. Jaji Mkuu Roberts aliandika kwamba mabango yalihusu mambo ya taifa zima, mahali palikuwa pa umma, na waandamanaji walitii polisi, kwa hiyo uchungu wa msikilizaji hauwezi kugeuzwa fidia. Jaji Alito alipinga peke yake: kwake, mjadala wa kitaifa hautoi kibali cha kumjeruhi mtu binafsi saa anamzika mwanawe. Sisi tunaona Alito aliugusa uchungu wenyewe, lakini Roberts ndiye aliyeacha mlango ulio na faida kwa wafiwa, pale alipokumbusha kwamba serikali inaweza kuweka mipaka ya mahali na muda. Sheria za umbali zinasimama kwa hoja hiyo, almradi zisichague ujumbe upi uruhusiwe na upi ukataliwe.

Swali: Kwa nini viongozi wa dini hukimbilia kusema Mungu ameadhibu? Na je, wafiwa wafundishwe kusamehe?

Jibu: Westboro hawako peke yao kwa hilo. Siku mbili baada ya Septemba 11, 2001, mhubiri Jerry Falwell aliwataja kwenye televisheni mashoga, watoa mimba na wengine kuwa wamechangia shambulio, kisha akaomba radhi. Desemba 14, 2012, watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa katika shule ya Sandy Hook, Newtown. Siku ile ile Mike Huckabee, mchungaji aliyekuwa gavana wa Arkansas, alisema Mungu ameondolewa mashuleni. Maneno ya namna hii humpa msemaji sababu, na humwachia mzazi hatia. Mhubiri asiyejua la kusema asome zaburi ya maombolezo, kisha akae.

Wapo pia waliogombana kuhusu nani asali na nani. Mchungaji wa Kilutheri wa Newtown alitoa baraka kwenye mkesha wa dini mbalimbali, naye amempoteza mtoto wa usharika wake. Mkuu wa kanisa lake, Sinodi ya Missouri, alimtaka aombe radhi kwa kusali pamoja na dini nyingine. Watu walighadhibika, na mkuu huyo mwenyewe akaishia kuomba radhi kwa jinsi alivyolishughulikia jambo.

Kuhusu msamaha: Waamishi, Wakristo wanaoishi maisha ya kizamani, wa Nickel Mines, Pennsylvania, walizika wasichana watano waliouawa shuleni Oktoba 2006, na baadhi yao wakahudhuria maziko ya muuaji ili kumfariji mjane wake. Charleston, Juni 2015, siku mbili baada ya watu tisa kuuawa katika kanisa la Emanuel, ndugu kadhaa walimtamkia mshitakiwa msamaha mahakamani. Wengine hawakuwa tayari, na hiyo ni haki yao. Msamaha uliotangazwa na mhubiri kwa niaba ya familia si wao. Muulizeni mfiwa faraghani, na akikaa kimya msimsemee.

Swali: Mwanasiasa akitaka kuja kuhutubia msibani?

Jibu: Familia ndiyo iamue, si kamati. Pittsburgh, 2018, baada ya watu 11 kuuawa katika sinagogi la Tree of Life, meya Bill Peduto aliiomba Ikulu ziara ya rais isubiri mpaka maziko yaishe. Rais alifika Oktoba 30, siku ile ile maziko ya kwanza yalipoanza, na barabarani kulikuwa na umati wa waandamanaji. Ulinzi wa mkubwa hufunga barabara ambazo wafiwa wanazihitaji, kwa hiyo swali la kwanza kwa ofisi yake liwe ni barabara zipi zitafungwa na saa ngapi.

Akikubaliwa, akae na waombolezaji, asipewe kipaza sauti, na picha zipigwe nje. Hoja za bunduki zina mahali pake. Baada ya Newtown, muswada wa ukaguzi wa wanunuzi ulipata kura 54 katika Seneti Aprili 2013, zikihitajika 60. Baada ya watoto 19 na walimu 2 kuuawa shuleni Uvalde, Texas, sheria ya ukaguzi mkali zaidi kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21 ilitiwa saini Juni 25, 2022. Kama familia yenu ina ombi kwa mwanasiasa huyo, liandikwe barua na akabidhiwe baada ya arobaini, mbele ya wasaidizi wake, na nakala moja ibaki kwenu.