Re: Dondoo la mfenesi linanipa asilimia hasi

Salama mkuu. Nimekuelewa hivi: dondoo la kiini cha mti wa mfenesi linakupa uzuiaji wa asilimia hasi (kana kwamba linachochea badala ya kuzuia) dhidi ya tirosinesi ya uyoga, kimeng'enya kinachotengeneza rangi kama ile ya ngozi, na unataka kulitupa.

Usilitupe, angalia rangi kwanza. Kiini cha mfenesi ni cha njano hasa, ndicho kilichokuwa kikitia rangi mavazi ya watawa wa Kibudha. Mashine ikisoma nanomita 475, njano hiyo inahesabiwa kama dopakromu, ile rangi inayotengenezwa na kimeng'enya. Kwa kila kiwango cha dondoo, tenga kishimo cha sahani chenye bafa ya pH 6.8, dondoo na L-DOPA (malighafi ya kimeng'enya) bila kimeng'enya chenyewe, kisha ondoa usomaji wake kwenye ule wa kishimo chenye kimeng'enya. DMSO, yaani kiyeyushi cha dondoo, iwe sawa kote, hata kwenye kidhibiti (kishimo kisicho na dondoo). Asidi ya kojiki, kizuizi kinachojulikana, nayo ikishindwa kuzuia siku hiyo, achana na mmea, kagua kimeng'enya.

Halafu usisome mwisho tu, soma kila dakika. Mimi nilishangilia juisi ya mapera siku mbili nzima! Dakika za mwanzo kishimo cheupe pee, kisha rangi ikapanda kwa kasi ileile ya kidhibiti. Kumbe vitamini C ya mapera ilikuwa inairudisha dopakwinoni (hatua ya kabla ya dopakromu) kuwa DOPA. Ilipoisha, rangi ikatoka.

Kwenye seli za ngozi sijafika, ila usimwahidi mtu krimu ya kung'arisha ngozi bado: hata asidi ya kojiki huizuia tirosinesi ya binadamu kwa udhaifu kuliko ya uyoga.

Ukirudia, weka grafu hapa tuione.